Ujirani Kabla ya Mtaala: Familia za Kigeni na Uchaguzi wa Shule Muthangari

Familia ya kigeni inayohamia Nairobi kikazi hupewa ushauri ule ule, uwe umetoka kwa mwajiri, kwa wakala wa nyumba au kwa wafanyakazi waliotangulia: tafuteni kwanza shule yenye mtaala wa kwenu, lipeni karo itakayoitishwa, kisha maisha yapangwe kuizunguka. Mwingereza atafute shule ya Cambridge, Mfaransa aende Lycée, Mmarekani apande Kitisuru, na asiyejua kituo chake kijacho achukue International Baccalaureate, yaani IB. Ushauri huu umeenea mno kiasi kwamba wazazi wengi hukamilisha usajili kabla hawajauona mtaa watakaoishi. Una sura ya busara, kwa kuwa unazungumzia utulivu wa mtoto. Hata hivyo unamchukulia mtoto kama faili linalotumwa kutoka ofisi moja hadi nyingine, na kusahau kwamba atakaa hapa miaka mitatu, mitano, pengine kumi, na kwamba miaka hiyo ni sehemu kubwa ya utoto wake.

Kwa mtoto ambaye hajafika umri wa miaka kumi na minne hivi, mtaala unapaswa kusubiri nyuma ya mambo matatu: umbali kati ya shule na nyumbani, kudumu kwa walimu, na kuwepo kwa watoto wa Nairobi katika madarasa yake. Shule inayofaulu katika hayo matatu ni bora kwa mtoto mgeni kuliko shule yenye mtaala wa kwao inayoyakosa, hata kama ya pili ina bwawa la kuogelea na ukumbi wa maonyesho.

Muthangari ni mahali pazuri pa kuupima mjadala huu. Mtaa huo uko kati ya Waiyaki Way na Lavington, Kangemi ikiwa ng'ambo ya barabara kuu na Kawangware ikiwa jirani upande wa magharibi. Ndani yake na katika mitaa inayopakana nao kuna Loreto Convent Msongari, iliyoanzishwa na masista mwaka 1921, na St. Mary's ya mwaka 1939. Kuna pia Strathmore ya wavulana na Kianda ya wasichana, shule mbili za mwaka 1977. Ukishuka hadi Barabara ya Gitanga unazikuta Braeburn na Rusinga, za mfumo wa Uingereza. Lycée Denis Diderot ya Wafaransa iko Kilimani, Barabara ya Argwings Kodhek. Nje ya eneo hilo ndipo zilipo shule zinazotajwa kwanza katika kila orodha ya wageni: International School of Kenya kule Kitisuru, Rosslyn na shule ya Wajerumani upande wa Gigiri, Brookhouse, Hillcrest na Banda upande wa Karen na Lang'ata. Mzazi aliyepanga nyumba Muthangari na kufuata ushauri wa kawaida huzipita shule tano au sita kila asubuhi akielekea ya saba.

Shule hizo za karibu zina historia inayohusu mjadala huu moja kwa moja. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walianzisha misheni ya St. Austin's mwaka 1899, wakapanda kahawa kwenye ardhi ambayo sasa imejaa fleti. Elimu ya kikoloni iliyofuata iligawanywa kwa rangi ya ngozi. Prince of Wales, ambayo leo ni Nairobi School kando ya Waiyaki Way, ilifunguliwa mwaka 1931 kwa ajili ya wavulana wa Kizungu. Wahindi walikuwa na shule zao, Waafrika zao. Ilipofika 1961, miaka miwili kabla ya uhuru, Strathmore College, iliyotangulia shule ya jina hilo, ilifunguliwa huku Lavington ikipokea vijana wa rangi na dini zote kwa masomo ya kidato cha tano na cha sita, na Kianda College ikafanya vivyo hivyo kwa wasichana waliosomea uhazili. Tume ya elimu ya Ominde ya mwaka 1964 ilikuja kupendekeza nchi nzima iufuate mkondo huo. Kwa hiyo wazo kwamba watoto wa asili mbalimbali waweza kukaa darasa moja bila hasara kwa yeyote halikuletwa Nairobi na shule za kimataifa. Shule za mtaa huu zililifanyia kazi wakati ambapo kufanya hivyo kulihitaji ujasiri. Kumwambia mzazi wa kigeni leo kwamba shule hizo si za watoto kama wake ni kurudi nyuma ya 1961, na jambo hilo linastahili kukasirikiwa.

Hoja ya mtaala ndiyo nguzo ya ushauri wa kawaida, kwa hiyo ichunguzwe kwa makini. Inadai kwamba mtoto asipokatizwa mtaala hatapoteza chochote. Lakini mtaala unaosemwa kuwa wa nyumbani mara nyingi si wa nyumbani. IGCSE ya Cambridge, iliyoanza kutahiniwa mwaka 1988, ilitungwa kwa ajili ya wanafunzi walio nje ya Uingereza. Mtoto wa shule ya serikali kule Leeds au Bristol hufanya GCSE, mtihani ulio jamaa yake lakini si huo wenyewe. Marekani haina mtaala mmoja wa taifa, na anayefundishwa Texas hafundishwi sawa na aliye Massachusetts. IB, iliyoasisiwa Geneva mwaka 1968, ina Diploma ya miaka miwili ya mwisho iliyo na silabasi na mitihani ya pamoja. Programu yake ya msingi, iliyoongezwa mwaka 1997, ni utaratibu wa kufundishia ambao kila shule huujaza kwa namna yake. Mtoto wa miaka minane anayetoka shule moja ya IB kwenda nyingine hukuta walimu wapya, vitabu vipya, mada mpya na watoto wapya. Kilichobaki kile kile ni istilahi za walimu.

Isitoshe, wanachojifunza watoto wa miaka sita hadi kumi na moja hakitofautiani sana kati ya mfumo na mfumo. Kusoma kwa ufasaha, kuandika aya yenye maana, kugawanya, sehemu na desimali, mimea na wanyama, ramani na hali ya hewa: haya yamo Nairobi, Lyon na Toronto. Mtoto mwenye afya na mwalimu mzuri huziba pengo la mpangilio wa mada kwa muhula mmoja. Pengo la kukosa marafiki kwa miaka mitatu halizibwi hivyo.

Wapo watakaojibu kwamba mtaala wa Kenya wenyewe una misukosuko, na hapo wana sehemu ya haki. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza 1985, unaondoka. KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ilifanywa mara ya mwisho 2023, na mtaala wa umilisi, CBC, ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019, umepanda darasa hadi darasa huku wazazi na walimu wakilalamikia upungufu wa walimu wa sekondari ya chini na gharama za vifaa. Malalamiko hayo ni ya kweli, na yamewaumiza zaidi watoto wa shule za umma kuliko wa shule za kibinafsi za Muthangari. Lakini swali la mzazi mgeni halihusu mfumo mzima. Linahusu darasa moja, katika jengo moja, lenye mwalimu anayeweza kuonwa akifundisha. Mtoto wa gredi ya pili au ya tatu katika shule nzuri ya CBC husoma kwa Kiingereza, hujifunza Kiswahili kila wiki, na hufanya kazi nyingi za mikono. Familia inayomnyima nafasi hiyo kwa sababu ya mjadala wa magazetini haijachunguza shule yoyote.

Yafaa kukumbuka pia kwamba kuta kati ya mifumo hii zimeshatobolewa na Wakenya wenyewe. Mfumo wa 8-4-4 ulipofutilia mbali kidato cha tano na cha sita, wazazi wengi wenye uwezo walihamishia watoto wao kwenye shule za mfumo wa Uingereza, na hadi leo madawati ya shule hizo yana Wakenya wengi. St. Mary's nayo imefundisha Diploma ya IB sambamba na mtaala wa Kenya. Anayechagua kati ya shule mbili za mfumo wa Uingereza ana sababu nzuri ya kuichagua ile yenye Wakenya wengi, kwa kuwa hao ndio hawatahama Juni ijayo.

Kuhusu umbali, ushauri wa kawaida husema machache mno. Barabara kutoka Muthangari kwenda Gigiri, Kitisuru au Karen zote hupita kwenye makutano ambayo kila mkazi wa magharibi mwa Nairobi anayajua kwa msongamano wake. Nairobi Expressway ya kilomita 27, iliyofunguliwa 2022, inaishia karibu kabisa na mtaa huu, kwenye makutano ya James Gichuru, lakini inaelekea katikati ya jiji, uwanja wa ndege na Mlolongo. Haimpeleki mtoto shuleni Kitisuru wala Karen. Basi la shule linalokusanya watoto mtaa kwa mtaa humchukua wa kwanza kungali giza. Safari ya saa moja kwenda na saa moja kurudi ni saa kumi kwa wiki, na katika muhula wa wiki kumi na tatu ni saa mia moja na thelathini, ambazo mtoto amekaa akitazama kiti kilicho mbele yake.

Gharama ya saa hizo inajulikana. Wataalamu wa usingizi wa Marekani walipendekeza mwaka 2016 kwamba watoto wa miaka sita hadi kumi na miwili walale saa 9 hadi 12 kwa siku, na vijana hadi umri wa miaka kumi na minane saa 8 hadi 10. Chama cha madaktari wa watoto cha nchi hiyo kilikwisha kushauri mwaka 2014 kwamba shule za vijana zisianze kabla ya saa mbili na nusu asubuhi. Mtoto anayeamshwa saa kumi na moja kasoro ili awahi basi hawezi kufikia viwango hivyo isipokuwa alale kabla wazazi wake hawajafika nyumbani kutoka kazini. Hasara haiishii kwenye usingizi. Rafiki wa shuleni anaishi Runda au Karen, na kumtembelea Jumamosi ni safari ya kupangwa na wazazi wawili na madereva wawili. Mtoto anayesoma umbali wa kutembea kwa miguu hukutana na wenzake dukani, kanisani au msikitini, kwenye kiwanja, bila mtu kupanga. Urafiki wa utotoni hukua katika nafasi kama hizo zisizopangwa, na hakuna ratiba ya michezo ya baada ya masomo iliyowahi kuzifidia.

Kalenda huongeza umbali mwingine ambao hauonekani kwenye ramani. Shule za mtaala wa Kenya huanza mwaka Januari na kuumaliza kati ya Oktoba na Novemba, zikiwa na likizo Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka. Shule nyingi za kigeni huanza Agosti au Septemba na kufunga Juni au Julai. Watoto wa nyumba mbili zinazopakana ukuta waweza kukosa likizo ya pamoja kwa wiki nyingi kila mwaka. Hili ni jambo dogo kwa mtu mzima, lakini kwa mtoto wa miaka tisa ndilo linaloamua kama ana mtu wa kucheza naye.

Suala la Kiswahili ndilo linaloonyesha kwa uwazi zaidi udhaifu wa mtazamo uliozoeleka. Husemwa kwamba mtoto atakayeondoka baada ya miaka michache hahitaji lugha ya nchi, na kwamba Kifaransa au Kihispania kitamfaa zaidi. Nchi nyingine zimelikataa wazo hilo kisheria. Falme za Kiarabu huwataka wanafunzi wa kigeni katika shule za kibinafsi wasome Kiarabu hadi miaka ya sekondari, na Thailand, yenye shule nyingi za kimataifa kule Bangkok, huzitaka zifundishe lugha na utamaduni wa Kithai hata kwa watoto wageni. Nchini Kenya, ambako katiba ya 2010 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi, mtoto mgeni anaweza kumaliza shule bila kuweza kununua ndizi. Na hakikosi kwa sababu ya ukosefu wa mitihani: Cambridge hutahini Kiswahili, na IB pia.

Madhara yake ni ya kimaadili kuliko ya kitaaluma. Mtoto anayesoma mahali ambapo Kiswahili hakisikiki darasani wala uwanjani atakisikia kwa dada wa kazi, kwa askari wa getini, kwa dereva na kwa mkulima wa bustani, ambao wengi wao huingia Muthangari kila asubuhi kutoka Kawangware na Kangemi. Hatakisikia kwa daktari, kwa wakili wala kwa mwenzake anayemzidi alama. Bila mtu kumwambia, atajifunza kwamba lugha hii ni ya wanaotumikia. Somo hilo linadumu kuliko jedwali la kuzidisha, na hakuna mzazi mwema anayelipia karo ili mtoto wake alipate. Katika shule yenye Wakenya wengi, Kiswahili na Sheng zipo kwenye foleni ya chakula cha mchana, na mtoto hujifunza kutoka kwa watu anaowaonea fahari.

Mtazamo wa kawaida pia humkosea mgeni mwenyewe, kwa kudhani kwamba ametoka Ulaya au Marekani. Magharibi mwa Nairobi kuna familia za Waganda, Waethiopia, Wasomali, Wakongo, Wanyarwanda, Wasudani Kusini na Watanzania, zilizoletwa na kazi, na biashara au na vita. Mama kutoka Goma au Bukavu anayezungumza Kiswahili na Kifaransa akiambiwa aende Lycée kwa sababu ya mtaala, anaambiwa aache kando lugha moja ambayo mtoto wake tayari anaishiriki na jiji zima. Familia kutoka Arusha ikiambiwa ichague shule ya Uingereza kwa sababu wao ni wageni, inatenganishwa na watoto wanaocheka mambo yale yale. Kwa watu hawa shule ya Kikenya iliyo karibu huwa ndiyo shule inayofanana zaidi na ya nyumbani. Sheria nayo haiwafungii mlango: kifungu cha 53 cha katiba kinampa kila mtoto, si kila raia tu, haki ya elimu ya msingi.

Karo haihitaji maneno mengi. Shule za juu kabisa Nairobi hutoza zaidi ya shilingi milioni 3 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa madarasa ya mwisho, na mara nyingi analipa mwajiri. Umoja wa Mataifa, ambao shirika lake la mazingira, UNEP, limekuwa na makao Nairobi tangu miaka ya 1970, huwarudishia wafanyakazi wake wa kimataifa sehemu kubwa ya gharama hiyo; balozi na kampuni kubwa zina marupurupu kama hayo. Anayechagua si anayelipa, kwa hiyo bei haimlazimishi kuuliza anapata nini. Mkataba ukikatika ghafla, kama ilivyotokea kwa mashirika mengi ya misaada mwaka 2025, familia hugundua kwamba mtoto alikuwa amepandikizwa mahali ambapo mshahara wao hauwezi kumbakiza hata muhula mmoja.

Kuhusu walimu, maswali machache hutosha, na mzazi asione haya kuyauliza. Shule nyingi za kimataifa huajiri walimu kutoka ng'ambo kwa mikataba ya miaka miwili. Mtoto anayekaa miaka minne anaweza kuwaaga walimu wake wote. Mzazi aulize ni walimu wangapi wa shule ya msingi wamekuwepo kwa zaidi ya miaka mitano, na ni wangapi kati yao ni Wakenya wanaoongoza idara badala ya kuwa wasaidizi tu. Aulize pia kama kila mwalimu amesajiliwa na Tume ya Huduma kwa Walimu, TSC, kama sheria ya 2012 inavyotaka. Bango lenye neno la kimataifa getini halijibu lolote kati ya maswali hayo. Ziara ya shule ifanywe siku ya kawaida ya masomo, saa moja na nusu asubuhi wakati mabasi yanapowasili, ili nyuso za watoto wanaoshuka zionekane, na tena wakati wa mapumziko, ili isikike ni lugha zipi zinazozungumzwa na ni nani anayekaa na nani.

Kuna hali ambazo utaratibu huu hubadilika. Kijana aliyevuka miaka kumi na minne, aliye njiani kuelekea IGCSE, Diploma ya IB, Baccalauréat au Abitur, hapaswi kuvunjiwa mkondo, kwa kuwa vyuo vikuu vitaitazama mitihani hiyo. Kwake mtaala huja kwanza, na ni afadhali familia nzima ihamie karibu na shule kuliko yeye kusafirishwa. Familia inayokuja kwa miezi kumi tu, na ambayo mtoto wake atarudi kwenye darasa lake la zamani, ina haki ya kufuata kalenda ya kwao. Na mtoto mwenye mahitaji maalumu, iwe ni usonji, matatizo ya kusoma au uziwi, aende palipo na mtaalamu anayeweza kumhudumia, hata kama ni ng'ambo ya jiji, mradi wazazi wamemwona mtaalamu huyo akifanya kazi na wamehakikisha kwamba mkataba wake hauishi mwaka huo.